Mistari Myeupe juu ya Mabawa

3 Novemba, siku ya Mungu

Mvula ya kwanza imenyesha jana, kubwa, bila kubisha hodi. Leo nimepata daftari ya Joëlle, binti yangu, yenye kurasa nyingi tupu, na nimeamua kuandika mpaka mvula itaisha. Ng'ambo ya ziwa, kwetu, nilikuwa mwalimu wa primere, masomo ya watoto wadogo, mukono haujasahau.

Mimi ni Pierrette, muke wa Constantin Nkulu, piloti wa ndege ya vita. Sisemi mujane. Neno lile wananiitia watu wenye hawataki kutaja jina lake.

4 Novemba

Tumepanda karanga. Mugongo unauma.

10 Novemba

Kanisani kwetu hapa Mantapala, kambi ya wakimbizi, kuna siku moja ya muaka tunasoma majina ya wafu wa vita. Ni siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi wa pili. Papa Ben, muzee wa kanisa, anachunga kitabu. Anasoma jina, familia inasimama, kisha anasoma lingine. Tangu tufike hapa, Joëlle na mimi hatujasimama hata mara moja.

Leo nimepeleka jina tena. Ni mara ya sita.

"Mama Joëlle, unajua jibu," Papa Ben alisema.

"Ninajua. Nimekuja kulisikia tena."

"Kitabu hiki ni cha wenye walikufa wakitetea watu. Bwana yako alikuwa anakimbia na ndege kwenda kwa adui. Radio ilisema. Miye nilisikia na masikio yangu."

"Radio ilisema pia vita itaisha ndani ya juma mbili, Papa."

Alifunga kitabu. Yeye alipoteza watoto wawili, askari wa miguu, na hakuzika hata kiatu chao. Siku zingine nikikumbuka ile, mudomo wangu unalainika. Leo haukulainika.

Niandike tena namna ilikuwa, kwa sababu watu wanaisimulia vibaya. Siku ya tatu ya vita, Constantin aliruka mbele ya saa sita mchana, hakurudi. Ndege yake ilianguka ndani ya ziwa. Magaribi radio ikatangaza kama alikuwa mutoro. Kesho yake askari wakaja nyumbani, wakabeba vyombo, hata sufuria yenye ilikuwa motoni. Majirani wenye walikula kwangu waligeuza uso. Joëlle alikuwa na miaka tisa. Tulivuka kwa mutumbwi, tukalala chini ya plastiki pale Kenani, kambi ya kupitia, kisha wakatuleta hapa. Miaka miwili sikula samaki wa ziwa lile.

Mutu mwenye alikuwa anapiga magoti kila asubuhi mbele ya kuruka, akitaja jina la mutoto wake. Mutu yule akimbilie wapi?

13 Novemba

Nimekwenda soko la Nchelenge kutafuta chisense, dagaa wa kukausha. Eness, mama wa Kibemba mwenye ananiuzia, ameniwekea fungu lenye limekauka vizuri. Wengine wote dagaa wao wameoza juu ya mvula.

19 Novemba

Radio ya Dorica, jirani yangu, imeharibika, na amenipeleka kwa fundi mupya. Anaitwa Lévi. Alifika mwezi uliopita kutoka ng'ambo, peke yake, na amejenga kibanda kando ya kisima. Anatengeneza radio, simu, na taa za jua. Mutu mwembamba, hacheki upesi. Sikumupenda. Anamutazama mutu miguu, si macho.

Wakati alikuwa anafungua radio, ndege ndogo ya waganga wa hospitali ilipita juu. Watoto wote walitoka kuitazama. Dorica vilevile. Lévi hakuinua kichwa. Alisema tu, taratibu:

"Mashini yake inakohoa. Iko na mafuta machafu."

Constantin alikuwa anasema hivi, akiwa kitandani, macho yamefungwa. Mutu anajifunza ile mahali pamoja tu.

"Ulifanya kazi kwenye kiwanja cha ndege?" nilimuuliza.

"Kidogo, Mama. Mekanisiye, fundi wa mashini."

Nilimwambia bwana yangu ni Constantin Nkulu, piloti; akarudi kwenye radio yake.

20 Novemba

Mvula.

2 Desemba

Joëlle ameandikisha jina lake kwa mutihani. Aliandika jina langu la ukoo, si la baba yake. Nilimuuliza kwa nini.

"Mama, wale wa darasa wananiita mutoto wa mutoro. Nikiandika Nkulu nitalisikia hata siku ya mutihani."

Sikumugombeza. Nilitoka nikapalilia mpaka jua likazama.

11 Desemba

Upepo umebeba bashi yetu, plastiki ya juu ya nyumba, saa nane mchana. Godoro, unga, daftari za Joëlle, vyote maji. Hii daftari ilikuwa ndani ya kanzu yangu, njo maana imepona. Wanaume wa jirani walisema watakuja kesho. Lévi alikuja leo. Alipanda juu, akafunga miti na kamba ya mupira, akashuka mikono ikitoka damu. Nilimupa bukari, ugali wetu, na mboga ya sombe. Alikula amesimama.

12 Desemba

Alirudi kumaliza upande wa nyuma. Amefunga vizuri kuliko mbele ya upepo.

25 Desemba

Noeli. Tumekula kuku mumoja na Dorica na Lévi. Joëlle alimuuliza kama alimujua baba yake. Alisema ndiyo. Alisema Constantin alikuwa anavaa kofia ya sufu hata wakati wa jua, na alikuwa anaimba vibaya. Ni kweli. Joëlle alicheka mpaka akashika tumbo. Sikuwa nimemuona akicheka juu ya baba yake tangu tulipovuka.

Dorica aliniambia pembeni, "Mama Joëlle, mutu yule ni mupole. Unangoja nini?" Nilimwambia anyamaze. Lakini niandike kweli: sikukasirika.

2 Januari

Leo nimemuomba Lévi kitu. Nimemwambia, "Wewe ulikuwa pale. Ulimujua. Njoo mbele ya wazee useme kama hakuwa mutu wa kukimbia. Neno lako ni la mekanisiye wa kiwanja, si la muke."

Bisibisi ilimuanguka. Aliinama kuiokota, akaikosa, akainama tena.

"Nipe siku kidogo, Mama."

5 Januari

Hakuja kanisani.

7 Januari

Mvula siku tatu. Kibanda chake kimefungwa. Nimekasirika naye. Woga mutupu.

9 Januari

Nitaandika yote, hata kama mukono unakataa.

Lévi amekuja saa nne asubuhi. Joëlle alikuwa masomoni, nami nilikuwa namenya mihogo. Nilimwambia aingie. Akabaki mulangoni, mvula ikimupiga mugongo.

"Mama Joëlle, sikukuwa mekanisiye. Nilikuwa piloti."

"Piloti," nilisema.

"Constantin njo alinifundisha kutua wakati wa upepo. Na miye njo nilimupiga."

Niliendelea kumenya. Nakumbuka nilimenya muhogo mumoja mpaka ukaisha mukononi.

Alisema yote pale amesimama, kama mutu anatoa taarifa kwa mukubwa. Ilikuwa siku ya tatu ya vita, na kila mutu alikuwa anaona adui kila mahali. Wakubwa waliwaambia adui amepata ndege, zitatokea upande wa ziwa, jua likiwa nyuma yao. Constantin alitumwa kutoka kiwanja kingine, na hakuna mutu aliwaambia wenzake kama yuko juu. Radio za ndege zilikuwa zinakatika. Lévi aliona alama nyeusi ndani ya jua, inamukujia. Aliita mara mbili, hakusikia jibu, akapiga.

"Halafu ndege iligeuka ubavu. Nikasoma namba yake. Moshi ulikuwa umeanza kutoka."

"Uliijua namba."

"Kila mutu aliijua. Namba ya Constantin."

"Na ndege za adui?"

"Hazikuwepo, Mama. Adui hakukuwa hata na moja. Juu kule tulikuwa sisi peke yetu."

Aliposhuka alimwambia mukubwa wake: nimepiga wetu. Mukubwa akajibu: pale hapakuwa wetu, mwenye alikuwa pale alikuwa anatoroka. Wakamuletea karatasi, akatia sahihi. Nyuma ya mwezi mumoja wakamuongezea cheo. Akabaki jeshini miaka mingine, akinywa, kisha akakimbia.

"Na siku ya tano," alisema, "wengine wawili walipigana risasi, wote wetu. Mungu aliwaokoa. Njo wakubwa wakaleta chokaa ya ukuta, tukapaka mistari myeupe juu ya mabawa ya kila ndege, ili tujuane. Nilipaka yangu na mikono hii. Nilikuwa napaka nikisema: kama ilipakwa siku ya kwanza, angekuwa hai."

Nilimuuliza kitu kimoja tu. "Ulikuwa unajua miye ni nani, wakati ulipanda juu ya nyumba yangu?"

"Nilijua siku ya radio ya Dorica. Ulipotaja jina."

"Ukala bukari yangu."

"Ndiyo."

Nilimwambia atoke. Alitoka.

10 Januari

Nimelima.

11 Januari

Nimelima. Mvula imenikuta shambani, sikutoka.

14 Januari

Nimelima mpaka upande wa Dorica. Aliniuliza kama nimepatwa na homa.

16 Januari

Nimemwambia Joëlle. Nilitaka kungoja, lakini ana miaka kumi na sita, na jina ni lake pia. Alisikiliza mikono ikiwa katikati ya magoti.

"Kwa hiyo Papa hakukimbia," alisema.

"Hakukimbia hata mita moja."

Akaanza kulia. Nilimushika. Kisha nikaona kama sehemu ya machozi ni ya furaha, na nikashindwa kumutazama. Mutoto anafurahi kusikia baba yake aliuawa na rafiki. Hapo njo wametufikisha.

20 Januari

Nimekwenda kwenye kibanda cha Lévi. Alikuwa anafunga vitu ndani ya mufuko.

"Unaenda wapi?"

"Sijui. Kafutuma, labda mbali zaidi."

"Hauendi. Siku ya majina utasimama kanisani, utasema yale ulisema mulangoni kwangu."

Aliketi juu ya ndoo. "Mama, hapa mimi nimeandikwa fundi. Wakijua nilikuwa askari, biro ya wakimbizi inaweza kuninyang'anya karatasi ya kukaa hapa. Na kuko watu pale wenye watoto wao walikufa. Wataniua."

"Inawezekana."

"Nina mudogo wangu bado jeshini, ng'ambo."

"Mimi nina mutoto bila jina, hapa. Lévi, sikiliza. Sikuombi unihurumie. Sikuombi hata uniombe musamaha, kwa sababu sina. Karatasi moja ulitia sahihi juu ya uongo, wakakupa cheo. Sasa utasema kweli bure."

Alinyosha mukono kuchukua mufuko. Nami sikuondoka. Nilivuta kiti chake cha kazi nikaketi mbele yake, kati yake na mufuko. Watu walikuja na simu zao, wakatukuta vile, wakarudi.

Mwishoni alisema, "Nitasimama."

"Fungua mufuko."

Aliufungua, akatoa vitu kimoja kimoja, akavirudisha mahali pake. Nilitazama mpaka kile cha mwisho.

27 Januari

Dorica anasema niache, Mungu anajua. Nimemwambia Mungu hakuandika kitabu kile, ni Papa Ben. Hata hivyo amesema atakaa karibu nami.

1 Februari

Kesho. Nimefua kanzu, inakataa kukauka.

2 Februari, siku ya Mungu

Kanisa lilijaa mpaka inje. Mvula ilikuwa nyepesi, ya kuvumilika. Papa Ben alisoma majina arobaini na zaidi, sikuhesabu. Aliposoma ya watoto wake wawili alisimama yeye mwenyewe, peke yake, kwa sababu muke wake alikufa Kenani. Kisha akafunga kitabu.

Nikasimama. Joëlle akasimama pia.

"Constantin Nkulu," nilisema.

Watu walianza kunung'unika. Papa Ben aliinua mukono. "Mama Joëlle, keti."

"Sitaketi, Papa. Nimeketi miaka sita. Kuna mutu hapa mwenye atasema kitu. Mukimaliza kumusikia, kama munataka nitoke, nitatoka, na sitarudi kuwasumbua."

Nilidhani Lévi amekimbia, kwa sababu sikumuona. Alikuwa mulangoni, pale pale anapopenda. Alikuja katikati ya mabenchi. Hakusema vizuri. Alisahau mahali pa kuanzia, akarudi nyuma, akataja namba ya ndege mbele ya kusema ni ndege gani. Mama mumoja aliuliza kwa sauti, "Anasema nini huyu?" Basi akasimama sawasawa, akasema:

"Miye nilikuwa piloti. Constantin hakukimbia. Miye njo nilimupiga, nikifikiri ni adui. Wakubwa walisema niandike alikuwa anatoroka, nikaandika. Nilidanganya."

Kanisa likalipuka. Vijana wawili walimushika shati, ikapasuka. Kijana mumoja aliinua kiti juu ya kichwa. Walikuwa wanasema juu ya wafu wao wote, si Constantin tu: juu ya vijiji, juu ya mabomu, juu ya kila kitu chenye kilitoka juu siku zile. Lévi hakuinua hata mukono wa kujikinga.

Sijui nilivyofika. Nilijikuta mbele yake, kifua changu kwenye uso wa yule kijana wa kiti.

"Mupige miye kwanza," nilimwambia.

"Mama, huyu amemuua bwana yako!"

"Ninajua amemuua nani. Ulikuwa wapi miaka yote, wakati mulikuwa munamuita mutoro? Sasa amekuwa bwana yangu? Sijamusamehe mutu huyu. Labda sitamusamehe. Lakini hakuna mutu atamupiga mutu mbele yangu kwa sababu amesema kweli. Mukifanya hivyo, nani atasema kweli ingine?"

Kijana alishusha kiti. Nilisikia Joëlle amekuja kusimama kando yangu, na Dorica upande ule mwingine.

Mutu mumoja wa nyuma alisema, "Na tutajua namna gani kama hadanganyi tena? Labda amelipwa na mama huyu."

Lévi akajibu, taratibu, akimutazama macho mara ya kwanza, "Nyuma ya siku ya tano tulipaka ndege zote mistari myeupe juu ya mabawa, kwa sababu tulikuwa tunauana wenyewe. Kama Constantin alikuwa mutoro, chokaa ile ilikuwa ya nini?"

Kisha Papa Ben akasema, kutoka mbele, sauti yake ndogo:

"Mistari miwili. Kila bawa."

"Ndiyo, Papa. Miwili."

"Niliiona. Zilipita juu ya shamba langu. Mara ya kwanza zilikuwa bila kitu. Juma lenye lilifuata zilikuwa na mistari. Nilimwambia muke wangu: tazama, wamezipamba." Alishika meza. "Nilifikiri wamezipamba."

Kisha akafungua kitabu, akachukua kalamu ya bic, akaiweka juu ya karatasi, akaiinua tena bila kuandika. Akanitazama.

"Njoo uandike weye, mwalimu."

Nilimwambia Joëlle aende. Aliandika jina lote la baba yake, herufi kubwa, akasoma kwa sauti. Tukasimama, sisi wawili, na kanisa likasimama nasi. Si wote. Niliwaona wenye walibaki wameketi, na ninawajua.

3 Februari

Lévi ana jeraha juu ya jicho. Dorica amemupelekea maji ya moto. Mimi sikwenda.

8 Februari

Biro imemuita Lévi na kumuuliza. Amerudi. Hawajamunyang'anya karatasi, wamesema watachunguza. Anangoja, anatengeneza simu. Wengine hawamuletei tena.

15 Februari

Papa Ben amekuja shambani akapalilia mistari mitatu ya karanga bila kusema kitu, akaenda.

24 Februari

Mvula imekaa mbali siku nne. Leo tumekwenda Nchelenge, Lévi na mimi, ndani ya lori la mizigo. Yeye mbele kwa dereva, mimi nyuma. Alitaka tubadilishane, nikakataa.

Neno la kanisani linabaki kanisani. Nilitaka karatasi. Kule boma kuna biro ambamo mutu anaapa juu ya maneno yake na wanapiga muhuri. Lévi alikuwa ameandika kurasa nne, mimi nikarekebisha tahajia, si kitu kingine. Pale aliposema "nilipiga ndege", nilimwambia aandike "nilimupiga Constantin Nkulu". Aliandika.

Karani alikuwa kijana mwenye tai, anasema Kibemba na Kiingereza. Lévi hajui sana Kibemba, nikatafsiri. Alisoma kurasa zote, akarudia ya pili, akamutazama Lévi, akamuapisha. Lévi alitia sahihi kila ukurasa, mara nne. Kisha karani akasema anahitaji shahidi, na kwenye karatasi yake mulikuwa na nafasi ya kuandika shahidi ni nani kwa mwenye kuapa.

"Mama, wewe ni dada yake? Muke wake?"

Lévi alitazama chini.

"Hapana," nilisema. "Mimi ni muke wa mutu mwenye huyu alimuua. Andika hivyo hivyo."

Karani aliweka kalamu chini. Alinitazama, akamutazama Lévi, kama mutu anangoja tumwambie ni muchezo. Nilimurudilia kwa Kibemba, polepole, neno kwa neno, ili asikosee.

Akachukua kalamu, akaandika. Mimi nikatia sahihi chini yake: Pierrette, muke wa Nkulu.